Kichuguu cha Nyamizi

Fundi alimwaga dawa kwenye mtaro kuzunguka nyumba ya bwana mkubwa. Mchwa wakapita humo kama hawana habari.

"Mbona hawafi?" Nyamizi aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Watafia kwao, mama. Wanaibeba mwilini, wakifika wanalambana, ukoo mzima unakwisha."

"Kwao ni pale." Alionyesha kichuguu alichorithi kwa mama yake, ambacho mtaa mzima hula kumbikumbi wake. "Nani aliniuliza?"

"Mwenye nyumba hakusema."

"Wakubwa hawajawahi kusema."

Mvua ya kwanza iliponyesha, kumbikumbi wakatoka na majirani wakaja na mabeseni. Nyamizi akawazuia, akasema kumbikumbi wana sumu ya fundi.

"Uchoyo huu umeanza lini, wifi?" Milembe alimtania.

Hakuna aliyeweka beseni chini; wakaendelea kukusanya. Kumbikumbi walitua kichwani mwa Nyamizi, wakapukutisha mabawa.