Bangili ya Huzuni

Usijifanye hujui. Bangili ya huzuni umeiona mkononi mwa jirani, ukageuza uso kwa kuwa begi lililoungua halikuwa lako.

La Bi Zuwena liliungua ndege ilipoacha njia ikitua, na ndani yake kofia ishirini za kiua, kazi ya mkono wake ya mwaka mzima. Watu wa bima wakamfunga bangili hiyo, inayopima huzuni ya mdai. Huvaliwa siku arobaini. Ukicheka au kushangilia hata mara moja, basi mali haikukuuma, na madai yanafutwa.

Siku ya thelathini na nane wifi yake, Mwanahawa, akaingia kutoka hospitali amepakata kichanga.

"Wifi, mjukuu wako huyu! Itazame hiyo pua. Ya kaka yangu kabisa, maskini mtoto wa watu!"

Kicheko kilimpanda Bi Zuwena hadi kooni. Akakimeza. Akamkazia macho mwanamke aliyetaniana naye miaka thelathini.

"Nani kakutuma unichekeshe? Bima wamekuahidi nini?"

Mwanahawa alimfunika mtoto vizuri, akatoka naye bila kigelegele hata kimoja. Bangili ikaandika: huzuni imethibitika.

Alilipwa, ndiyo. Mjukuu sasa ana miezi saba, na bibi yake hajampakata.

Nawe unangoja begi lako? Akiikata bangili mmoja peke yake, wanamfutia madai. Tukikata sote, watamfutia nani? Chukua mkasi sasa hivi, ugonge mlango wa jirani.