Gari Halijasema

Felisian alizima redio, akateremsha kioo na kutega sikio. Upepo ulivuma, changarawe zililia chini ya tairi, lakini injini haikusema neno.

"Bado," alijiambia, akaendelea na safari ya Nkowe kumchukua mkewe.

Alikuwa mtu anayejua kujicheka. Harusini, matangani, hata nje ya kanisa Jumapili, alisimulia mwenyewe jinsi alivyoliua gari lake la kwanza. "Oili na filta, pamoja na ufundi, ilikuwa elfu themanini. Nikasema hizo afadhali nizile. Injini ikanoki porini, gari likauzwa chuma chakavu, na mimi nikarudi nyumbani juu ya lori la mbuzi. Na mbuzi walikuwa wananicheka!" Watu wakivunjika mbavu, yeye hucheka kuwashinda. Jambo moja alilificha: mkewe, Edina, alimkumbusha oili hiyo mpaka akachoka, naye alimjibu kwamba injini si sufuria.

Gari la pili lilinunuliwa kwa ufuta wa misimu mitatu na mbuzi wote wa Edina. Ndilo lililobeba magunia ya wafanyabiashara, ndilo lililowalisha. Gari la tatu halikuwepo hata katika ndoto zao.

Felisian alijifanyia mzaha kwa kila kitu isipokuwa sikio lake. Katika gari hili, kila oili ilipokaribia kuchoka, alisikia ko-ko-ko, ko-ko-ko. Hapo hakusubiri kuambiwa na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi Kaimu, Nachingwea mjini. Ajabu ni kwamba gari likishasimama gereji lilinyamaza, kama mtoto anayelia jino akifikishwa kwa daktari. Lakini Kaimu hakumbishia hata siku moja. Alimwaga oili, akabadili filta, akalizunguka gari akikaza hiki na kile, na kelele ikaisha.

"Wenzangu wanahesabu kilomita," Felisian alipenda kusema. "Elfu tano, elfu tano! Mimi langu linaniambia lenyewe."

Nkowe alimkuta Edina ameshajiandaa, na kikapu cha korosho mbichi miguuni. Alikuwa huko tangu binti yao Teodosia ajifungue, na mjukuu sasa alikuwa ameanza kucheka. Edina aliingia garini, akapakata kikapu chake, kisha akachungulia namba za kwenye dashibodi. Uso ukambadilika.

"Baba Teo, umemwaga oili tangu niondoke?"

"Gari halijasema."

"Na safari zote hizo za Mkotokuyana? Na za Chinongwe?"

"Kimya kabisa. Nadhani limeshanizoea, kama wewe."

Edina hakucheka. "Naogopa, Baba Teo. Kweli naogopa. Hili likifa tunarudi kwenye baiskeli, na magoti yetu ndiyo haya."

"Wewe na injini wapi na wapi, mama? Likiumwa litasema."

Walipoiacha Ruangwa nyuma, Edina akaomba wasimame achimbe dawa. Felisian naye akaona isiwe tabu, akashuka na kuingia kichaka cha upande wake. Aliporudi mkewe alikuwa anajipangusa vumbi mikononi kwa ncha ya kanga.

"Hiyo dawa ina mizizi mirefu," alimtania.

"Wewe washa gari twende."

Hawakufika mbali. Ko-ko-ko.

Felisian alikanyaga breki, akageuka macho yamemtoka kwa furaha. "Umesikia? Umesikia lakini?"

"Nimesikia," alisema Edina, na safari hii sauti yake ilikuwa imetulia. "Sikio unalo, mume wangu."

Aliendesha taratibu mpaka gereji. Nyumbani hawakupita, ingawa ugali wa mchana uliwasubiri. Kaimu alipofungua nati, oili ilitoka nyeusi tii, nzito kama uji uliolala. Fundi akaisugua kati ya vidole, akatikisa kichwa.

"Mzee Felisian, ungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunaongea habari ya injini nyingine."

"Ningechelewaje, na mimi nina sikio?"

Alitoa elfu zake themanini bila kunung'unika, jambo ambalo zamani lingemtia homa. Kisha akawafuata wateja waliokaa kwenye benchi, akaanza kuwasimulia ya lori na mbuzi. Alipofika mahali mbuzi wanapomcheka, alilia kama mbuzi mwenyewe. Benchi zima likaangua kicheko.

Kelele hiyo ilipopamba moto, Kaimu aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akabandua kifuniko chake kwa bisibisi, akaokota kitu ndani na kukirudisha kifuniko kwa ngumi. Akapita hadi dirishani kwa Edina. Alifumbua kiganja chake chenye grisi, na korosho mbili za maganda zikadondoka ndani ya kikapu.

"Mama," alinong'ona, "ukienda tena kwa mjukuu, niachie mimi kazi hii."