Kitabu cha Bei ya Friji

"Kwa bei hiyo, mama, mtu ananunua friji."

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akikitazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama mlango.

"Iache hivyo hivyo, mwanangu."

Binti mwenye duka, ambaye wateja walimwita Jalada kwa kuwa ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote, alishusha pumzi. Duka lake la mtandaoni lilikuwa dogo: watu walimletea maandishi yao, akayapanga, akayavalisha jalada, akayauza. Vitabu pepe vya waandishi wapya viliuzwa kwa bei ya kikombe cha chai, na bado wanunuzi walinung'unika. Hiki cha mama kilikuwa na makosa tangu mstari wa kwanza. Tena kilikatika. Kurasa za mwanzo, zile za kuonja bure, zilimfuata msichana aliyetoka kazini mvua ikimnyeshea, hadi gari lilipopunguza mwendo kando yake, naye akatabasamu, kwa kuwa alimjua dereva. Baada ya hapo kurasa zote zilikuwa tupu.

"Wasomaji watatutukana," Jalada alisema kwa upole. "Andika hata mwisho mfupi."

"Hapo ndipo mkono wangu unapogoma."

Mji mzima ulijua kwamba binti wa mama huyu alitoka kazini mwaka juzi na hakuonekana tena, si mzima, si maiti. Wapo waliosema katoroka na mwanamume. Mama bado alimtaja kama aliye chumba cha pili: hapendi sukari nyingi, hulala taa ikiwaka. Kitabu kile kikichekwa, Jalada aliwaza, kidonda kitatoneshwa upya.

Kwa kawaida duka lilimficha mnunuzi. Mama aliomba kitu kimoja tu: namba ya simu ya atakayenunua imfikie yeye, apate kumshukuru. Nani angemnyima?

Mchana Jalada alimsomea mumewe zile kurasa za bure wakiwa mezani. Mumewe hakuwa mtu wa vitabu. Hata karatasi ya dawa alisomewa. Safari hii tonge lilibaki mkononi.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Huyo dereva. Katajwa jina?"

"Wanaolipa ndio watakaojua," Jalada akamtania. Siri ya mteja haimwagwi mezani.

Mumewe akasukuma sahani. "Bei ya friji kwa makosa yale? Mwambie akiondoe. Bibi wa watu anajiaibisha bure."

Alikuwa na huruma mume huyu, kwa namna yake ya kununanuna.

Maoni yakaanza kumiminika. "Huyu anauza au anafukuza wateja?" mmoja aliandika. Mwingine akasema hata angelipwa asingekisoma. Jalada aliyapitia moyo ukimuuma. Siku nyingine, kukiwa kweupe kabisa, alihisi pumzi ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti chake, akisoma naye mstari kwa mstari. Na walipofika kwenye kurasa tupu, pumzi ile haikuondoka. Ilisubiri. Akigeuka, ukuta.

Asubuhi moja mama aliingia bila hodi.

"Kimenunuliwa."

Jalada alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Basi nilikosea mimi, mama. Sasa tushushe bei, wengine nao wafuate."

"Hakuna wengine." Mikono ya mama ilikuwa baridi. "Kwa bei ile, mwanangu, na ubovu ule, angenunua nani, ila mtu mmoja, anayeogopa kwamba katajwa humo?"

Akaiweka simu yake mezani, namba ikiwaka kwenye kioo.

"Mimi siijui. Nisaidie kumtafuta mwenyewe."

Jalada hakuhitaji kutafuta. Ndiyo namba aliyoiandika kwenye kila fomu iliyopata kumuuliza, likitokea la kutokea, apigiwe nani.