Funza wa Shamba la Nyamizi

Mahindi yalipoanza kunyauka, Nyamizi aliutangazia mtaa mzima kwamba jirani yake, mjane Tausi, ameyaroga. Leo asubuhi alivuta bua moja, likang'oka kama lililochomekwa tu. Mizizi yote ilikuwa imeliwa. Alichimbua kwa jembe, na funza weupe, wanene, wakamwagika pamoja na udongo.

Aliwazoa kiganjani akakimbilia kwa Tausi. Alimkuta akifunga mizigo, mlango wake umeshavunjwa.

"Dada, nisamehe. Kumbe ni wadudu hawa."

Tausi aliwatazama, kisha akaendelea kukaza kamba. "Mimi nilijua sikuroga," alisema. "Kawaonyeshe waliovunja mlango."

Nyamizi aligeuka. Majirani waliomwamini walikuwa wamesimama barabarani, fimbo mikononi, wakimsubiri Tausi atoke. Aliwaendea amenyoosha mkono, funza wakijinyonganyonga kati ya vidole vyake.