Jina la Mama

Simu ya Mtaalamu ililia saa tisa kamili, naye akaondoa macho kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama yangu huyo," alisema, akiizima bila kuipokea. "Nisipokula ananisumbua."

Akachukua chupa yake ya maji, akatoka. Karani, ambaye pale kliniki wote walimwita Bi Kalamu, akairukia kompyuta. Aliutafuta mstari wa arobaini na moja, akajaribu kuufuta. Mfumo ukakataa. Kila uamuzi ulitaka watu wawili wabonyeze, karani wa kliniki na Mtaalamu, mgeni wa makao makuu. Aliposikia hatua mlangoni alikuwa amekwisha kurudi kitini, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeiba chaki.

Nchi nzima ilikuwa inawahesabu upya watu walio kwenye dawa za VVU, maana vitabuni walikuwa wengi kuliko walivyo kweli. Mtu akijiandikisha kliniki mbili anahesabiwa mara mbili, kwingine dawa zinarundikana, kwingine zinakauka. Mfumo mpya ulikuwa umewapanga washukiwa wawiliwawili, kila jozi mstari wake. Karani na Mtaalamu wakiona ni watu wawili wanabonyeza TOFAUTI, wakikubaliana kuwa ni mtu mmoja wanabonyeza UNGANISHA. Faili linarudi kliniki alikoanzia, na jioni jina linatokea kwenye orodha anayokabidhiwa muuguzi mkuu.

Muuguzi mkuu wa hapa alikuwa wifi yake Bi Kalamu. Siri za wagonjwa alizifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni, hilo lazima lisemwe kwa haki. Siri za ukoo kwake zilikuwa maji kwenye pakacha.

Miaka tisa nyuma, kabla ya ajira, kabla ya ndoa na kabla wifi hajaletwa hapa, Bi Kalamu alipima hapahapa kwa jina lake halisi. Alipopata kazi akahama kimyakimya, akajiandikisha mwendo wa saa tatu kwa basi, kwa jina la bibi yake. Mumewe alijua, na walikubaliana yaishie chumbani mwao. Kule alibadili mtaa, akabadili hata kazi, akawa mshonaji. Tarehe ya kuzaliwa aliiacha kwa mazoea tu. Jina la mama ndilo lililomshinda. Mama alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na mkono ulikataa kumwandika mwingine.

"Wote ni hivyohivyo," Mtaalamu alikuwa amemwambia asubuhi. "Jina wanabadili, mtaa wanabadili. Mama hawambadili. Hapo ndipo wanaponaswa."

"Umejuaje?"

"Uzoefu."

Bi Kalamu hakumpenda. Alikuwa mtu mnyamavu, na kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake kilikuwa kimegeuka, kikionyesha mgongo mweupe siku nzima. Maringo, aliwaza, hata jina anatunyima. Na wala hakuletwa kwa bahati mbaya. Wifi alisema aliomba mwenyewe kuja hapa, akaziacha kliniki kubwa za mjini. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini kama si kuumbua watu?

Mstari wa thelathini na nane. Bi Kalamu akashika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga, kaka."

"Pole. Kapumzike. Karani akiumwa, kanuni inasema muuguzi mkuu akalie kiti chake."

Kichwa kikapona palepale.

Wifi mwenyewe akachungulia, kana kwamba amesikia akitajwa. "Wifi yangu, mbona umepauka? Kazi za watu hizi zitakumaliza. Hiyo orodha niipate kabla sijafunga kabati, ee? Niko hapo nje tu." Akauacha mlango wazi. Dirisha lilikuwa na nondo, na nje ya mlango alikuwapo wifi.

Thelathini na tisa. UNGANISHA. Arobaini. UNGANISHA.

Arobaini na moja.

Mtaalamu alisoma kioo cha kompyuta. Akasoma kitambulisho cha Bi Kalamu, ambacho siku zote kilitazama mbele, jina kwa herufi kubwa. Akarudi kwenye kioo.

"Mshonaji," alisema polepole.

Bi Kalamu alitaka kumweleza habari za watoto wake wawili, za mume wake, za vikao vya ukoo na namna watakavyomkalisha katikati. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kukosa dozi hata moja. Yakamtoka maneno mawili tu.

"Kaka yangu."

Huko nje wifi alicheka na mtu.

Mtaalamu akabonyeza TOFAUTI. "Na wewe," akanong'ona.

Bi Kalamu akabonyeza. Mstari ukatoweka. Alijiona mtu aliyefunguliwa kamba miguuni, hajui aanze na mguu upi.

"Sijui nikushukuru vipi, kaka. Kweli sijui."

Mtaalamu alikuwa amekwisha kufungua mstari wa arobaini na mbili na kubonyeza TOFAUTI upande wake. Bi Kalamu akausoma. Mwanamume. Amepima hapa miaka kumi na miwili iliyopita, leo anachukua dawa mjini kwa jina jingine. Tarehe ya kuzaliwa ni ileile. Mama ni yuleyule.

"Lakini huyu ni mtu mmoja kabisa," alisema, ukarani ukimtoka kabla ya akili.

Mtaalamu alitazama mlango ulioachwa wazi. Kisha akakigeuza kitambulisho chake, akamwonyesha jina.