Ungo wa Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa alikuwa ndani ya eda ya mumewe siku Atupele, mwinjilisti mpya wa kanisa, alipobisha hodi pamoja na mama yake.

“Karibuni. Lakini kama mmekuja kuniambia marehemu anaungua, kama wenzenu wa juzi, mlango huo.”

Atupele aliisukuma Biblia ndani ya kikapu, akaketi mkekani, akauvuta ungo wa mchele uliokuwa hapo. “Nimekuja kukuchambulia mchele, bibi.”

Akaanza kuchambua. Mama yake, aliyemkaririsha aya tangu utotoni, alikuwa na aya kumi zinazomwasha ulimini.

Mchele ulipokaribia kwisha, Bi Mwanahawa aliuliza, “Huyo Yesu wenu, alipata kufiwa?”

“Alifiwa na rafiki yake, bibi.”

“Akasemaje?”

“Kwanza alilia.”

Mama alisubiri binti aendelee. Hakuendelea. Kilichosikika ni chuya zikidondoka kwenye bakuli. Hapo mama akaketi wima, shingo juu, kama siku wazee wa kanisa walipomwekea bintiye mikono awe mwinjilisti. Hapana, zaidi ya siku ile.

Bi Mwanahawa alijifuta macho kwa pindo la mtandio. Kisha akajisogeza mkekani, akaushika ungo upande wa pili.