Trekta ya Mashuuru

Kaloki alikuwa amebakisha tarakimu moja tu ya namba ya siri kwenye simu ili pesa ziende, ndipo akaona kovu kwenye boneti ya trekta aliyokuwa akiinunua mtandaoni, kwenye picha pale kwa kompyuta ya saiba Kitengela. Kovu hilo alilichomelea kwa mkono wake. Ilikuwa trekta ya ushirika wao wa Mashuuru, ile wakubwa waliikatakata wakauza chuma chakavu mwaka wa tisini na saba, wakala pesa, wakanyamaza.

Sasa wanauza hata picha yake!

Simu ikalia. "Mzee, umetuma?" muuzaji akauliza kwa Kikamba kitamu.

Mwizi. Lakini tangu Kaloki amzike mkewe, hakuna mtu mwingine aliyempigia simu kwa Kikamba.

"Bado, mwanangu," akajibu, akaketi vizuri. "Kwanza niambie, huko kwenu mvua imenyesha?"